Ombolezo la Vilima vya Gwassi: Maisha ya Cephas Obonyo Kasera, 1907–1967

Wazee wa ukoo, wakwe zetu mliotoka Bukuria, mchungaji, ndugu na majirani. Leo Ijumaa, tarehe 17 Novemba 1967, tumekusanyika katika boma hili karibu na Magunga kumzika Cephas Obonyo Kasera. Alikuwa mdogo wa marehemu baba yangu, na kwa hiyo baba yangu pia. Familia imeniomba niandike na kuyasoma maisha yake. Nimeyaandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi wetu tunazungumza Dholuo, wakwe zetu wanazungumza Kikuria, na lugha ya zamani ya vilima hivi, Kisuba, imebaki kwa wachache sana. Kiswahili ndicho kitakachotufikia sote. Tena ndicho yeye na mkewe walichozungumza nyumbani mwao kwa zaidi ya miaka thelathini. Sina hakika kwamba nimechagua mambo yaliyo makubwa maishani mwake. Nimechagua yale ambayo yeye mwenyewe hakuchoka kuyarudia.

Marehemu alizaliwa chini ya vilima vya Gwassi mwaka 1907, kwa hesabu ya wazee, katika miaka ambayo ugonjwa wa malale ulikuwa ukihamisha watu kutoka ukingo wa ziwa. Jina la Obonyo alipewa kwa sababu nzige walipita msimu huo. Baba yake, Kasera, na mama yake walifariki kwa malale kabla hajaota meno yote. Yeye na kaka yake wakalelewa na bibi yao, aliyewapandisha mlimani na kukataa kuteremka tena. Bibi huyo hakusema Dholuo isipokuwa sokoni, na hata huko aliisema kama mtu anayepita kwenye uwanja wa jirani. Ndani ya nyumba yake lugha ilikuwa Kisuba. Kwa lugha hiyo alikuwa na jina la upepo wa alfajiri na jina jingine la upepo huohuo ukiwa umechelewa. Marehemu alikuwa akisema kwamba hakupata kuwajua wazazi wake, lakini aliijua sauti waliyoitumia, kwa kuwa bibi hakuwa na nyingine ya kuwapa.

Mwaka 1919 alipelekwa katika shule ya misheni karibu na Kendu Bay. Huko walimu walifundisha kwa Dholuo, na wenzake waliwacheka watoto waliotoka Gwassi kila walipofungua mdomo. Baada ya muhula mmoja aliacha kusema lugha ya bibi yake mbele ya watu. Kitabu cha kusomea kilikuwa kimoja kwa meza nzima, na kwa kuwa yeye alikuwa mgeni, alikaa upande wa pili wa meza, akikitazama kitabu kichwa chini miguu juu. Hivyo ndivyo alivyojifunza kusoma. Mwalimu alipompa kitabu kikiwa kimeelekea sawasawa, alikigeuza kwanza, na darasa zima likaangua kicheko. Bibi yake alifariki mwaka 1923. Marehemu alifika nyumbani akakuta wanawake wa ukoo wamekaa mavumbini wakiomboleza kwa Kisuba, na alisikia ombolezo lile kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna tena aliyemlilia mtu wa boma hili kwa ukamilifu namna ile.

Kwa wageni wetu, yafaa nieleze. Katika ukoo wetu ombolezo hilo lilikuwa ni safari. Mwombolezaji humshika marehemu mkono na kumrudisha njia waliyojia mababu: kutoka vilimani hadi ufukweni, kisha kisiwa baada ya kisiwa kuelekea magharibi, akitaja kila bandari, kila jiwe, aina za matete na pepo za kila mahali, mpaka nchi ng'ambo ya ziwa ambako inasemekana tulitoka. Hutolewa na sauti ya mwanamke. Halitolewi pasipo kifo, kwa maana anayeitaja njia ile bila mtu wa kuisafiri huitafutia msafiri katika boma lake. Marehemu alikuwa Mkristo tangu ujana hadi mwisho, na hakuwahi kusema kwamba wafu hupita njia hiyo. Lakini aliyapenda maneno yake jinsi wengine wanavyopenda ng'ombe: alijua rangi ya kila moja, na alitambua mara moja likikosekana.

Kuanzia mwaka 1927 alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni, akipanga herufi za madini ya risasi. Herufi hupangwa kinyume, na mtu aliyezoea kusoma kichwa chini hakupata shida. Huko ndiko alikoanza kupenda vitabu vya zamani. Vitabu vilivyokwisha kupitwa na wakati vilitupwa ghalani, na yeye aliomba kuvichukua: kitabu cha kusomea cha wamisheni wa kwanza, ambao walikuwa bado hawajakubaliana namna ya kuandika Dholuo, kamusi ya Kiswahili cha pwani isiyo na jalada, vitabu vya nyimbo vilivyoliwa na mende pembeni. Alivishona upya kwa uzi wa kutengenezea nyavu. Alifurahia makosa yaliyomo kuliko usahihi wake, maana aliona katika kila kosa mzungu fulani aliyekufa zamani akiwa amekaa mbele ya mzee fulani, akitega sikio. Sijui kama furaha ndilo neno linalofaa, kwa kuwa sikumwona akicheka na vitabu vile. Alivisoma akiwa ameinamisha kichwa upande, kama mtu anayesikia anaitwa kutoka mbali.

Mwaka 1934 misheni ilimtuma kuuza vijitabu katika soko la Migori. Pale alimsikia msichana akibishana na muuza vyungu kwa Kikuria. Ilikuwa lugha ambayo hakuwahi kujifunza, lakini ndani yake mlikuwa na maneno yaliyokaribia sana maneno ya bibi yake, kama ndugu waliolelewa katika maboma mawili. Aliviacha vijitabu vyake akaenda kusimama karibu. Msichana akamgeukia kwa Kiswahili.

"Wewe unanunua ama unasikiliza?"

"Nasikiliza."

"Kusikiliza hapa ni bure. Lakini toka kwa kivuli yangu."

Msichana huyo alikuwa Truphena, binti wa Werema. Mzee Werema alipoletewa habari za mchumba anayepanga herufi, aliuliza kama ng'ombe wake nao wanajua kusoma. Ng'ombe walitolewa, wakakubaliwa, na ndoa ilifungwa kanisani tarehe 8 Agosti 1935. Truphena alizungumza Kiswahili cha sokoni, na marehemu, ambaye alikuwa ameisoma kamusi nzima ya pwani, hakumsahihisha hata siku moja. Aliposikia jambo lililomfurahisha alimwomba alirudie. "Huyu mtu," Truphena aliwaambia ndugu zake, "mkigombana naye anataka useme tusi lako mara ya pili, polepole."

Mungu aliwajalia watoto wanne. Ezekia alifariki mwaka 1944 kwa malaria, akiwa bado ananyonya, na dada yake mdogo alimfuata mwaka 1947. Roselyn na Dolphine wako hapa leo.

Mwaka 1938 kiwanda kilipunguza watu, na marehemu alihamia Macalder, akawa karani na mkalimani katika zahanati moja ya misheni. Wakati huo dhahabu ilikuwa imevuta watu wa kila namna, na kando ya machimbo makubwa walikuwako waliochimba mashimo yao wenyewe kule Macalder na Osiri, bila kuyategemeza kwa miti. Shimo lilipoporomoka, zahanati ililetewa waliovunjika na wale ambao hawakuhitaji tena dawa. Kazi ya kupeleka habari nyumbani kwao ilimwangukia yeye. Angeweza kuipeleka kwa Dholuo au kwa Kiswahili, ikaeleweka, lakini aliona haitoshi. Alisema mtu akiambiwa kwa lugha ya sokoni kwamba mwanawe amekufa, huiona kama habari ya soko na hubaki akingoja habari nyingine. Basi alijifunza namna ambavyo kila upande hutaja kifo: watu wa Kadem, watu wa Suna, Wakuria, Wakisii. Watu wengine hawasemi kwamba mtu amekufa, husema ameshindwa. Wengine hutangulia kuomba maji ya kunywa, na anayeombwa huelewa. Alipoonekana akija kwa miguu na kofia mkononi, watoto walikimbia kujificha. Aliifanya kazi hiyo hadi mwaka 1958. Roselyn anakumbuka kwamba baba yake aliporudi alikuwa haongei lugha yoyote kwa muda mrefu, kisha alikwenda kwenye sanduku la vitabu na kufungua kitabu chochote kile, kurasa za katikati.

Alirudi Gwassi mwaka huo wa 1958 akiwa na jambo moja moyoni. Alikuwa amewapelekea watu wengi habari za kifo kwa lugha za nyumbani kwao, naye akarudi na kukuta kwamba watu wake mwenyewe wanazikwa kwa maneno ya kuazima. Wanawake wa ukoo waliokuwa wamelijua ombolezo walikuwa wamekufa. Alibaki mmoja, Zilpah, binamu wa Kasera, ambaye marehemu alimwita waya, yaani shangazi. Kila palipotokea msiba, marehemu alikwenda na kukaa karibu naye. Zilpah alianza kutaja njia, na kabla hajafika ufukweni watu walianza wimbo wa kanisa kwa nia njema, wakamfunika. Hakushindana nao. Alinyamaza, akajifuta uso na kwenda kusaidia jikoni.

Mwaka 1962 marehemu alimwendea nyumbani kwake na kumwomba amfundishe Truphena ombolezo lote, taratibu, likiwa salama mbali na nyimbo. Zilpah alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, waya."

"Basi ondoka. Na usiniulize tena ukiwa umesimama mlangoni kwangu, nina wajukuu humu ndani."

Habari za ombi hilo zilienea. Mwaka 1964, marehemu alipoanza kukohoa na kupungua mwili, wengi wetu tulisema ni chira, ugonjwa umpatao aliyevunja miiko, kwa kuwa alikuwa ametaka kuita kifo pasipo msiba. Tulimtafutia manyasi, dawa za miti shamba za kuondoa chira, na alizinywa kwa sababu waliomletea walikuwa wakubwa zake na walimpenda. Zaidi ya mwaka mmoja ulipita hivyo. Damu ilipotoka kifuani, mwezi wa Septemba 1965, Truphena na kaka yake Gisiri walimpeleka hospitali Homa Bay, na huko waliambiwa ni kifua kikuu, tena kimekwenda mbali. Alichomwa sindano kwa miezi mingi. Madaktari walifanya walichoweza, nasi tulikuwa tumefanya tulichokijua. Simlaumu yeyote, na sidhani yeye alilaumu.

Mwezi wa Januari 1967 aliruhusiwa kurudi nyumbani. Kwa ushauri wa bwana afya alijengewa kibanda chake kule nyuma ya ghala, akiwa na vyombo vyake, blanketi zake na sanduku la vitabu. Aliambiwa wazi kwamba kibanda na vyote vilivyomo vitateketezwa baada yake. Roselyn alilia kwa ajili ya vitabu. Baba yake alimwambia kutoka ndani: "Vitabu hivi vina ndugu zao. Vilichapwa vingi, mahali fulani kuna vingine vinaliwa na mende wengine. Waya Zilpah hakuchapwa." Kisha akaomba Zilpah aitwe.

Zilpah alikuja mwezi wa Februari, wakati wa asubuhi, akitembea kwa fimbo. Akasimama nje ya kibanda. Waliokuwapo wameniambia mazungumzo hayo kwa namna inayolingana, nami nayaweka kama nilivyopewa.

"Umeniita nimlilie nani?"

"Mimi, waya."

"Wewe unaongea."

"Leo naongea. Daktari ameniambia nije nikae na watu wangu. Unajua daktari akisema hivyo amemaliza dawa."

"Unataka nilie bila maiti?"

"Maiti yupo. Amechelewa kidogo tu."

Zilpah aliegemeza fimbo yake ukutani. Halafu alisema, "Ulichelewa hata kuota meno," akakaa chini mavumbini.

Alitoa masharti. Ombolezo lisiandikwe, kwa sababu kilichoandikwa huachwa wazi na yeyote hukiokota pasipo kifo. Marehemu, ambaye alikuwa ameandika karibu kila neno alilolipenda maishani mwake, alikubali, na hakuna karatasi yenye ombolezo hilo mahali popote. Sharti la pili, anayefundishwa akae chini nje ya mlango kama mfiwa, si kama mwanafunzi. Akauliza kwa nini awe mwanamke wa Bukuria, ilhali wapo mabinti wa nyumba. Marehemu alijibu kwamba mabinti zake walikulia Macalder, na ndimi zao zilishika njia nyingine, lakini Truphena alikuwa amezaliwa karibu na maneno hayo. "Basi aje," Zilpah alisema, "tuone kama ukaribu huo ni wa mdomoni au wa miguuni."

Zilpah alikuja asubuhi nyingi kati ya Februari na Juni. Yeye na Truphena walikaa juani, marehemu akiwa ndani, na kwa kuwa kifua hakikumruhusu kupaza sauti, alikuwa na kijiti. Alilijua ombolezo kwa vipande tangu kifo cha bibi yake, na alichosikia sasa kilishika mara moja, kama herufi inavyokaa mahali pake. Truphena akikosea, marehemu aligonga ukuta. Akipatia, kimya. Majirani waliopita walisikia kelele ambazo si za msiba.

"Nyar Kuria," Zilpah alisema, akimwita kwa kwao, binti wa Bukuria, "unalia kama mtu anafukuza kuku."

"Na wewe unafundisha kama mtu anaficha chakula. Sema yote, niishike."

"Ukishika yote kwa pupa utamzamisha mume wako kabla ya kisiwa cha kwanza."

Kutoka ndani kijiti kiligonga mara mbili, jambo ambalo halikuwa katika mapatano. Truphena alisema kwamba marehemu alikuwa akicheka, na kucheka kulimletea kikohozi, ndiyo maana akatumia kijiti.

Yalikuwamo maneno ambayo hata Zilpah hakujua maana yake. Mahali pamoja, njia inapovuka mlango wa maji baada ya kisiwa cha Mfangano, lipo neno lisilopatikana popote pengine. Marehemu aliuliza maana yake. "Sijui," Zilpah alisema. "Ndivyo linavyokaa hapo." Marehemu alimwomba alirudie, na siku nzima alikuwa akilitamka taratibu ndani ya kibanda. Jioni alimwambia mkewe kwamba kitu kisichojulikana kazi yake, na bado watu wamekibeba vizazi vyote hivyo bila kukidondosha, ndicho kitu kilichompa raha kuliko vyote mwaka huo. Ni mwaka ambao hakuwa na raha nyingine ninayoijua.

Zilpah alifariki ghafla tarehe 3 Julai, akiwa shambani. Wapo waliosema kwamba alijilipia mwenyewe kwa kulia bila maiti. Marehemu hakuweza kuinuka kwenda kumzika. Truphena alikwenda, na hakupewa nafasi, kwa kuwa wenye msiba hawakujua anachokijua, naye hakuthubutu kuvunja ratiba ya boma la watu. Alirudi akakaa nje ya mlango.

"Walimlilia?" marehemu aliuliza.

"Waliimba."

"Mpaka mwisho?"

"Waliimba nyimbo ya kanisa, baba Roselyn. Mzuri. Wengi walilia."

Tangu hapo Truphena alirudia peke yake, asubuhi, mbele ya kibanda, na kugonga kuliendelea, kila wiki kwa sauti ndogo zaidi. Siku ya Jumapili, tarehe 12 Novemba, baada ya ibada, alilitoa ombolezo lote tangu vilimani hadi ng'ambo ya ziwa. Ukuta haukugongwa. Alipomaliza alikaa akisubiri, kisha akauliza, "Nimekosea wapi?" Mwishowe marehemu alisema, kwa sauti ambayo Dolphine, aliyekuwa akianika mtama, aliisikia kwa shida: "Mimi sijui tena. Nilikuwa natembea tu." Truphena hajui hata leo kama hakukosea, au kama mume wake hakuwa tena na nguvu ya kuinua kijiti. Jumanne, tarehe 14 Novemba 1967, mchana, Cephas Obonyo Kasera alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini.

Marehemu ameacha mjane, Truphena; mabinti, Roselyn na Dolphine; wakwe zake wawili; wajukuu watano; mashemeji wa nyumba ya Werema, wakiongozwa na Gisiri; na sisi watoto wa kaka yake. Alitanguliwa na wazazi wake, kaka yake, na watoto wake wawili.

Yanayofuata niliyaandika jana jioni, baada ya kikao cha wazee kilichofanyika kando ya ghala. Nimeruhusiwa kuyasoma, kwa sababu yanahusu jambo mtakalolishuhudia sasa hivi.

Truphena aliomba amlilie mume wake kwa ombolezo la ukoo kabla mwili haujashushwa. Mzee Walter, ambaye ni mkubwa kwa umri, alikataa.

"Mtu analiliwa mara moja," alisema. "Cephas alililiwa mwezi wa pili, akiwa anakunywa uji. Hiyo imekwisha. Tena aliyeomba ni wa nje."

Gisiri hakuinuka kwenye kiti. "Ng'ombe tuliyopokea kutoka hapa haikurudi hata mmoja. Dada yangu ni wa nje tangu lini?"

"Sikusema kwa ubaya, shemeji."

"Hata mimi nauliza tu."

Mwenyekiti, mzee Nicanor, alimwomba Truphena aseme mwenyewe. Alisema akiwa amesimama pale alipozoea kukaa, karibu na mlango wa kibanda.

"Waya Zilpah ndiye alimlilia. Mimi nilikuwa najifunza. Miezi hiyo yote nilikuwa natamka maneno nikisikiza kama atagonga. Mimi sijamlilia bwana yangu bado."

Nicanor akawageukia akina mama wa ukoo. "Yuko hapa anayelijua? Akiwepo, yeye ndiye atangulie, na huyu mama atakaa." Akina mama walitazamana. Mmoja alitaja kilima cha kwanza na cha pili, akanyamaza. Mzee Walter, kwa kuwa si mtu wa kupinga asichokijua, alijaribu kuyataja maneno tu, bila sauti ya kilio. Alimteremsha marehemu vilimani vizuri, akamfikisha ufukweni, akamsimamisha kwenye matete. Hapo alisimama na yeye. Tulimwona akisogeza midomo. Alivua kofia, akaivaa tena.

"Ni hapo ndipo walipokuwa wakianza kuimba," alisema.

"Basi," Nicanor akasema. "Kutoka hapo ulipomwacha kwenda mbele, nani kati yetu atamwambia mama huyu amekosea?"

Mzee Walter ndiye aliyesema mwishowe, "Apewe nafasi."

Kwa hiyo, nikimaliza, mchungaji atangoja, na waimbaji watangoja. Truphena binti Werema atakaa chini karibu na jeneza. Kwa niaba ya familia nawaomba, tafadhali, pasiwe na wimbo utakaoanzishwa juu ya sauti yake, hata kwa nia njema. Ni safari ndefu na mtaona kana kwamba haina mwisho. Wengi wetu hatutaelewa. Mimi, ambaye nimesoma kadiri nilivyosomeshwa, nitaelewa majina ya visiwa tu. Kesho asubuhi kibanda kitateketezwa pamoja na sanduku la vitabu, kama marehemu mwenyewe alivyokubali. Leo ukuta wake bado umesimama nyuma ya ghala, na ndani hakuna mtu. Truphena akipatia au akikosea, hautagongwa.

Cephas Obonyo, mwana wa Kasera, tangulia. Unayemsikia ni mkeo. Mungu aliyekupa masikio yale akupokee, na udongo wa Gwassi ukulaze taratibu.